The Stranger ya Billy Joel: Niliyoijua Kuanzia Upande B

Kwa miaka mingi niliijua nusu tu ya albamu ninayoipenda kuliko zote. Kaseti ya The Stranger, albamu ya Billy Joel ya mwaka 1977, ililetwa nyumbani kwa bibi, Ngamiani, Tanga, na mjomba wangu aliyekuwa baharia. Mama mdogo, ambaye hakuwa na habari na mzungu yeyote anayepiga piano, alibandika kipande cha selotepu kwenye kile kitundu cha juu cha kaseti (kama umekulia enzi zile unajua kazi yake), akarekodi taarabu ya redioni juu ya upande A wote. Upande B hakuugusa. Mjomba aliporudi safari iliyofuata akakuta mambo yameshaharibika. Hakugomba. Alicheka, akasema upande uliobaki ndio mzuri.

Kwa hiyo mimi nilivyoisikia albamu hii ni hivi: taarabu nusu saa, kaseti inagota, unaigeuza, halafu inaingia piano taratibu na sauti ya kijana wa Kimarekani. Wimbo huo unaitwa Vienna. Katikati yake kinaingia kinanda cha akodiani. Nikiwa mtoto nilidhani ni jambo la kawaida kabisa. Si hata upande wa pili kulikuwa na akodiani? Nilichukulia kwamba wote ni watu wa mtaa mmoja.

Nakuandikia leo kwa sababu nimechoka kusoma kwamba The Stranger ni "mkusanyiko wa nyimbo nzuri za mapenzi". Nyimbo nzuri zimo, sikatai. Lakini mimi naisoma kama ninavyosoma kitabu cha hadithi fupi, na hadithi zote zinazunguka swali moja: mtu unayeishi naye, unayekula naye sahani moja, unamjua kiasi gani? Nitajaribu kueleza kwa nini, na nitasema pia panaponikera, maana kupenda kitu si kukifumbia macho.

Kwanza tuweke mambo ya msingi. Joel alikuwa na miaka 28 albamu ilipotoka, Septemba 1977. Alikuwa ameshajulikana kidogo kwa wimbo wa Piano Man, lakini albamu yake ya mwaka uliotangulia, Turnstiles, haikuuza. Husimuliwa kwamba George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles, alikuwa tayari kumsaidia, ila alitaka watumie wanamuziki wa kukodi studio. Joel akakataa. Alitaka bendi yake mwenyewe, wale aliozunguka nao majukwaani: Liberty DeVitto kwenye ngoma, Doug Stegmeyer kwenye besi, Richie Cannata kwenye saksafoni. Phil Ramone ndiye aliyekubali kuwachukua kama walivyo, na ndiye aliyeitayarisha albamu, jijini New York. Ukisikiliza kwa makini utauona uamuzi ule. Ngoma za DeVitto zina pupa ya mtu anayetaka kuchomekea neno kwenye mazungumzo. Hawa ni watu wanaojuana, wanakatishana, wanasubiriana.

Pili, piano. Kwenye bendi nyingi za roki gitaa ndilo linalotangulia mbele na kutamba. Hapa gitaa limekaa pembeni na piano ndiyo inayosimulia. Elton John naye alifanya hivyo, na Goodbye Yellow Brick Road ya mwaka 1973 ni kazi kubwa isiyo na mjadala. Lakini maneno ya Elton yaliandikwa na Bernie Taupin. Joel ameandika maneno na tuni mwenyewe, na tofauti unaisikia: mkono wa kushoto unajua sentensi itaishia wapi kabla mdomo haujafika. Ni kama msimulizi wa hadithi anayepiga meza kwa kidole huku akiongea.

Sasa nirudi kwenye kaseti yetu. Upande B una nyimbo tano. Baada ya Vienna unakuja Only the Good Die Young, wa haraka, wa kuchezeka. Halafu She's Always a Woman, unaoyumba polepole kama kitanda cha mtoto. Halafu Get It Right the First Time, ambao nitasema wazi ndio dhaifu kuliko zote. Bendi inapiga vizuri lakini wimbo hauna mtu ndani yake. Mwisho kabisa Everybody Has a Dream, wenye harufu ya kwaya ya kanisani. Na ukishaisha, ukidhani kaseti imefika mwisho, inarudi piano peke yake, na juu ya piano mtu anapiga mluzi.

Ule mluzi ulinitesa utotoni. Ulitoka wapi? Haukuwa na uhusiano na wimbo uliotangulia. Ulikuja kama mtu aliyekosea nyumba, akapita sebuleni, akatokea mlango wa uani. Mjomba alikuwa akiupiga jioni akinyoa ndevu, na bibi alikuwa akimkemea, maana mluzi usiku si kitu cha kuchezea. Unaita nyoka, unaita na wengine wasiotajwa. Mjomba ananyamaza. Baada ya muda unamsikia tena, chini chini.

Nilipofika chuo, Dar es Salaam, mwaka 2010, ndipo nikaisikia albamu nzima kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba. Wimbo wa kwanza ulinifurahisha. Wa pili, wenye jina la albamu, ulipoanza tu, nilisimama. Piano ile ile. Mluzi ule ule. Kumbe haukuwa umepotea njia. Ulikuwa umeanzia huku, ukazunguka albamu nzima, na mimi kwa miaka yote ile nilikuwa nimesikia anayerudi bila kujua kwamba aliondoka.

Inasimuliwa kwamba Joel aliupiga mluzi huo kumwonyesha Ramone tuni tu, akiuliza ni chombo gani kingefaa kuipiga. Ramone akamwambia chombo ni hicho hicho. Nakipenda kisa hiki. Mluzi ni sauti ya mtu isiyo na maneno. Huwezi kumshika mpiga mluzi kwa alichosema, hajasema kitu. Na wimbo wenyewe, baada ya ule utangulizi, unageuka kuwa roki yenye mapigo mazito, ukizungumzia nyuso tunazozificha na kuzivaa tukiwa peke yetu. Kwenye jalada Joel amekaa kitandani na suti, anautazama mto, na juu ya mto kuna kinyago cheupe. Ukutani zimening'inia glovu za ngumi. Ujanani aliwahi kupigana ngumi kweli. Jalada la kaseti yetu lilikuwepo siku zote. Nililiangalia utoto wangu wote bila kujua linazungumzia wimbo gani.

Sasa angalia mpangilio, maana hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Wimbo wa pili umekwambia kila mtu ana uso ambao hajakuonyesha. Unaofuata ni Just the Way You Are, ule uliovuma, uliopata Grammy ya rekodi bora ya mwaka na ya wimbo bora wa mwaka, wenye saksafoni laini ya Phil Woods, unaopigwa kwenye harusi hadi leo. Ndani yake mwanamume anamsihi mkewe asibadilike, abaki alivyo. Ukiusikia peke yake redioni ni wimbo wa upole. Ukiusikia baada ya wimbo wa vinyago, unaanza kuuliza: abaki kama yupi? Yule unayemjua, au yule ambaye hajakuonyesha? Joel alimwandikia mkewe wa wakati ule, Elizabeth Weber, ambaye ndiye pia aliyekuwa akisimamia kazi zake. Mwaka 1982 wakaachana. Sisemi hivyo kumcheka mtu kwa ndoa yake. Nasema albamu yenyewe ilikuwa imeshatoa onyo, wimbo mmoja kabla.

Kisha ndiyo hadithi kubwa: Scenes from an Italian Restaurant. Zaidi ya dakika saba. Joel alikuwa na vipande vitatu vya nyimbo tofauti akaviunganisha, na viungo unavisikia, lakini vinafanya kazi kama sura za kitabu. Watu wawili waliojuana zamani wanakutana mgahawani, wanaagiza mvinyo, wanapeana habari za kazi na familia. Muziki unachangamka, klarineti na tuba zinaingia kama bendi ya New Orleans, halafu piano inaanza kukimbia na tunahadithiwa habari za Brenda na Eddie, vijana waliokuwa wafalme wa shule yao. Wanaoana kiangazi cha 1975, kila mtu akisema wamerukwa na akili. Wanapanga nyumba, wananunua zulia, wanadunduliza miaka miwili kwa ajili ya kitanda cha kifahari. Pesa zinakata, ugomvi unaanza, wanaachana. Halafu muziki unapoa na tunarudi mezani.

Kila mtu anayependa hadithi fupi angeisikiliza hii akiwa na kalamu. Tazama samani zinavyofanya kazi. Joel hasemi kwamba Brenda na Eddie walidhani ndoa ni vitu. Anavitaja tu vitu, kimoja kimoja, kwa furaha ile ile waliyonayo wao, na sisi tunaona hatari kabla yao. Hasemi pia wale wawili mezani walikuwa nani kwa nani. Wapenzi wa zamani? Marafiki tu? Kwa nini mmoja anaisimulia hadithi hii kwa mwenziwe, na kwa nini kwa kasi hivyo, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa lake? Mimi nimeshabadilisha jibu mara tatu. Siku hizi nadhani anasimulia ya wengine ili asisimulie ya kwake, na tunayemsikiliza kwa dakika saba ndiye hatumjui kabisa.

Hapo upande A unaisha.

Kwenye santuri au kaseti, hapo ilikubidi uinuke. Sindano inafika mwisho, unavuka chumba, unageuza. Hadithi ya waliofanya haraka imekwisha, kuna ukimya, kuna miguu yako mwenyewe sakafuni, halafu ndipo inakuja Vienna, wimbo unaomwambia kijana apunguze mwendo. Kwenye simu leo ukimya huo haupo. Wimbo wa nne unakatika, wa tano unaanza papo hapo, na ushauri wa kutokimbia unakufikia ukiwa bado unakimbia. Kwa sisi wa Ngamiani ilikuwa kinyume: tulikuwa na ushauri bila kisa kilichousababisha. Tulipata jibu, swali likawa limefunikwa na taarabu.

Na Vienna ina kisa chake. Baba yake Joel, Howard, alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babu alikuwa na biashara ya nguo, na enzi za Wanazi alilazimishwa kuiuza. Wakakimbia, wakapitia Kuba hadi New York. Howard alikuwa mpiga piano mzuri wa muziki wa kina Mozart na Beethoven. Ndoa ilipovunjika alirudi Ulaya, akaishia Vienna, na mtoto akabaki na mama yake Hicksville, huko Long Island. Billy alimtafuta akiwa mtu mzima, akampata. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba akiwa huko aliona bibi kizee anafagia barabara, akamwonea huruma, na baba yake akamrekebisha: yule mama ana kazi, anajiona ana faida kwa watu. Kutokana na hapo Vienna ikawa kwake jina la uzee usiotupwa, mahali panapokusubiri bila kukuharakisha.

Lakini kuna kitu kingine ambacho wimbo hausemi, na ndicho kinachoniuma. Vienna ni mahali baba alipokwenda alipomwacha. Mtoto anaisifia subira kwa kutumia jina la mji uliomnyang'anya mzazi. Kwa hiyo ule upole wa sauti yake si wa mtu aliyetulia tu. Ni wa mtu ambaye amekwenda kugonga mlango wa mgeni, na mgeni huyo ni baba yake. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya mapenzi ndio uliopata tuzo. Huu haukupata kitu wakati ule, ukakaa kimya upande B, na sasa vijana wanaupenda kuliko nyimbo zake nyingi zilizovuma. Sishangai. Kijana wa leo anaambiwa amechelewa tangu asubuhi.

Niliahidi kusema panaponikera. Only the Good Die Young ni wimbo mtamu, na ndio tatizo lake. Kijana anamshawishi msichana wa Kikatoliki, Virginia, aache masharti ya nyumbani na kanisani. Baadhi ya vituo vya redio Marekani viliukataa, na kukataliwa kukauzidishia umaarufu. Mimi sina shida na uasi wake. Shida yangu ni kwamba Virginia hasemi hata neno moja. Nikiusikiliza namkumbuka Rosa wa Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, nayo ikapigwa marufuku mashuleni, nayo inahusu msichana aliyebanwa na wanaume wanaomzengea. Lakini Kezilahabi anatuingiza ndani ya nyumba ya Zakaria, tunaviona viboko vya baba, tunaona pia bei anayolipa Rosa baadaye. Joel anabaki nje dirishani na mshawishi, anacheka. Katika albamu inayodai kila mtu ana uso wa pili, Virginia hakupewa hata wa kwanza. She's Always a Woman inajitahidi zaidi, inamkubali mwanamke mwenye makali yake, ila naye anaelezwa tu, haelezi. Ni kasoro, na ukubwa wa albamu hauifuti.

Basi, turudi kwa mjomba, halafu nimalize.

Alifariki mwaka 2016. Siku ya tatu ya msiba walifika mama mmoja na kijana wa kama miaka ishirini, kutoka Mombasa. Hakuna aliyewafahamu. Waliketi mkekani na wengine. Kijana alipokuwa akimtaja marehemu alimwita kwa jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Watu wakatazamana. Bibi, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuuliza, aliagiza waletewe chai, akamsogezea yule kijana sahani ya maandazi, akamwambia, "Kula, mjukuu wangu. Safari ndefu." Yakaishia hapo. Yaliyofuata ni ya familia.

Usiku ule niliusikiliza wimbo wa pili wa upande A kwa spika ndogo ya simu. Nilikuwa na hasira, sitaki kusema uongo. Nilitaka wimbo uniambie kwamba watu wanaoficha nyuso ni waongo. Hausemi hivyo. Ukiufuatilia vizuri utaona anayeimba hajiweki pembeni; anamuuliza mwenzake kwa nini anashangaa, wakati yeye mwenyewe anacho kinyago chake. Hapo nikaona kilichonifanya niishikilie albamu hii miaka yote. Hawakamatwi watu humu. Kila mmoja anaachiwa siri yake kidogo, hata msimulizi, na muziki unaendelea kumpenda hivyo hivyo. Bibi yangu, asiyejua Kiingereza na hajui Billy Joel ni nani, alikuwa amefanya jambo hilo hilo kwa sahani ya maandazi.

Kama hujawahi kuisikiliza, isikilize kwa mpangilio wake, usichague nyimbo. Wimbo wa nne ukiisha, simamisha. Inuka, kanywe maji, chungulia dirishani, kisha rudi uanze wa tano. Na wa tisa ukiisha usizime haraka. Subiri mluzi.